Punje ya Pili

Watu wa kwingine huijua kahawa ikiwa kikombeni. Sisi wa Karagwe huijua kwanza kwa meno. Bibi yangu aliichuma kabla haijaiva sawasawa, akaichemsha pamoja na majani ya harufu, akaianika mpaka ikawa ngumu kama kokoto, kisha akaifunga katika majani makavu ya mgomba. Mgeni akiingia alipewa kahawa atafune kabla hajaulizwa habari za safari. Harufu yake ni ya mvua iliyonyesha juu ya moshi. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hapo, na nimejaribu mara nyingi, maana kueleza ndiyo kazi yangu.

Juzi nilikuja kumzika yeye Bibi mwenyewe. Niliposhuka kwenye basi pale Omurushaka, mama mmoja aliyeketi kwenye baraza la duka alikuwa akifungua kahawa yake amgawie mwenzake. Harufu ikanikuta mguu mmoja uko chini na mwingine ungali kwenye ngazi. Utingo akanipigia kelele, "Dada, unashuka au unarudi?" Nilikuwa nimekwisha kurudi.

Baba yangu aliondoka kwenda vitani nikiwa tumboni mwa mama, akarudi nikiwa na mapengo. Muda wote huo alikuwa jina tu lililotajwa kwenye sala ya jioni, baada ya marehemu babu na kabla ya ng'ombe mgonjwa. Kwa hiyo siku mtu mrefu aliyekonda, mwenye kaptula ya jeshi, alipotokea kwenye migomba yetu kule juu ya Nyaishozi na mama akadondosha jembe, mimi nilikimbilia nyuma ya Bibi. Nilitegemea baba awe na sura ya sala. Huyu alikuwa na jasho.

Wenzake waliotoka Burma walirudi na mabati, wengine na baiskeli. Jirani yetu Ta Kato, yaani Bwana Kato, ambaye hakuwahi kuvuka Mto Kagera lakini aliufahamu ulimwengu wote kwa kuusema vibaya, alikuja kumwona akiwa na kata yake ya pombe mkononi.

"Enhe, mwanajeshi! Wenzako wameleta mabati. Wewe umeleta nini?"

"Maneno," baba akasema.

"Ya kuezekea?"

Watu wote wakacheka, na baba akacheka nao. Mimi nilitazama paa letu la nyasi, nikitafuta mahali ambapo maneno yangeweza kuchomekwa.

Sikumzoea upesi. Tulikaa naye kama watu wawili waliojikinga mvua kwenye nyumba ya mtu mwingine, kila mmoja akingoja mwenziwe atangulie kutoka. Tulianza kuongea siku ya kukamua ndizi. Baba alikuwa ndani ya ule mtumbwi wa mti tunaotengenezea pombe, akikanyaga ndizi mbivu na nyasi mpaka maji yake yakaanza kuchuruzika, mazito, rangi ya asali. Alichota kwa kata, akaninywesha.

"Amai," akasema. "Ndivyo anavyosema Mjapani."

Nilifikiri ananitajia jina la maji ya ndizi. Nikalishika. Jioni akanimenyea muwa, akasema tena, "Amai," nami nikakasirika.

"Amai ni maji ya ndizi!"

"Na muwa pia. Na asali pia."

"Kwa nini vyote wamevipa jina moja? Wajapani ni maskini?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Si jina, Koku. Ni sifa. Ni tamu."

Kesho yake maji yale yalikuwa yamelala na unga wa mtama na kugeuka pombe. Alichovya kidole, akanigusisha ulimini. Nikakunja uso.

"Jana, amakatta," akasema polepole. "Ilikuwa tamu. Leo, amakunai. Si tamu." Akanitazama kuona kama nimeelewa. Nilielewa, lakini nilielewa kivyangu. Niliona kwamba baba amelibadili neno mkia, na utamu wa ndizi ukaondoka. Sikujua kwamba pombe ndiyo iliyotangulia, na neno likaifuata.

Tangu siku hiyo alinifundisha kila mahali, tukichuma kahawa, tukitandaza majani makavu kwenye mashina ya migomba. Sifa zetu sisi, alisema, ni kama watumishi, hubadili kilemba kulingana na bwana wanayemfuata: mtu mrefu, kiti kirefu, ndizi ndefu. Sifa ya Mjapani haijali inamfuata nani. Nagai ni njia, nagai ni kamba, nagai ni mto. Kichwa chake hakigeuki. Kinachogeuka ni mkia. Kata ile i ya mwisho, ufunge mkia unaoutaka. Nagai, ndefu. Nagakatta, ilikuwa ndefu. Nagakunai, si ndefu. Neno lenyewe hubeba jana yake na kukataa kwake, halingoji neno jingine lije kulitembeza.

"Yote?" niliuliza.

"Siyo yote. Yapo ya kulelewa." Shizuka ni kimya, na hilo halina mkia wa kukata. Likitaka kukaa mbele ya kitu, sharti lishikwe mkono na kineno kidogo, na: shizuka na yama, mlima ulio kimya. Likitaka kwenda jana, hubebwa mgongoni: shizuka datta. Tena nijihadhari na kirei, ambalo ni safi au zuri, kwa sababu huishia na i na utadhani ni la ukoo wenye mikia, kumbe nalo ni la kulelewa. "Kama yule kijana wa Ta Kato," baba akasema, "anayefanana naye kuliko wale aliowazaa." Na jema, ii, ndilo lililomsumbua kuliko yote. Ukilipeleka jana hubadilika hata kiwiliwili, huwa yokatta, usilitambue tena.

Aliyemfundisha alikuwa mateka. Vita vilikuwa vimekwisha na meli za kuwarudisha makwao hazijapatikana, baba akapewa kulinda kambi ya Wajapani waliokuwa wakichimba mifereji. Mmoja wao alichimba karibu na alipokuwa akisimama. Mchana ni mrefu, watu wawili hawawezi kutazamana bila kusema kitu.

"Majina ya vitu hatukuyahitaji," baba aliniambia. "Jiwe utalionyesha kwa kidole. Lakini kidole hakionyeshi kwamba jiwe ni zito, wala kwamba jana mvua ilikuwa baridi. Kwa hiyo tulifundishana sifa tu."

Nami nikarithi lugha hiyo ilivyo, yenye sifa peke yake. Ndani yake mtu angeweza kuona baridi, kuumwa, kuonja utamu. Hakuweza kuomba, wala kuahidi. Lakini mimi nilidhani nimeimaliza. Kisimani watoto walinikimbiza wakiimba, "Mjapani! Mjapani!" nami niliwageukia nikawaambia, "Kusai!" ambayo ni kunuka, nao wakanyamaza, wakinusa hewa kama ng'ombe, kwa sababu hawakujua nimewafanya nini.

Kisha tumbo la baba likaanza kuvimba.

Mikono ilikwisha, shingo ikakwisha, tumbo likazidi kujaa. Kwa muda mimi niliona ni jambo la furaha. Matumbo ya namna hiyo nilikuwa nimeyaona kwa mama zangu wadogo, na kila mara yalileta mtoto. Nikawa nafikiria tutamwitaje. Nilianza kuogopa siku wanaume wa jirani walipokuja na machela ya miti, wakambeba kumpeleka kwenye zahanati ya misheni, na hakuna aliyetania njiani, hata Ta Kato aliyeshika mti wa mbele. Tabibu alimtoa maji. Baba akarudi tumbo liko bapa, mama akapika matoke na maharage kama siku ya sikukuu. Baada ya muda mfupi maji yakarudi.

Ndipo Bibi alipokuja kuketi karibu naye, mchana, kwenye nyasi za sakafuni. Rozari alikuwa nayo shingoni. Mimi nilikuwa nachambua maharage mlangoni, na hakuna aliyenifukuza.

"Mwanangu," akasema, "ulinywana na nani huko ulikokwenda?"

Kwetu, watu wawili wakipendana kuliko ndugu, hupasua buni moja, ambayo ndani yake daima zimo punje mbili zilizokumbatiana. Kila mmoja hujichanja karibu na kitovu, hupaka punje damu yake, na mwenzake huila kutoka kiganjani kwa midomo, bila kuishika. Tangu hapo hawaitani tena kwa majina, kila mmoja kwa mwenzake ni munywani. Mtoto wa huyu ni mtoto wa yule. Na atakayemtupa mwenzake, punje ile iliyo tumboni itamvimbia.

Baba akasema, "Na Mjapani."

Nilitegemea Bibi apige kelele. Aliuliza tu, "Kwa kahawa ipi?"

"Ile uliyonifungia. Ilikuwa imebaki moja."

"Ukamtupa?"

Hapo baba akageukia ukutani. Sauti yake ilitoka kule kwenye matete ya ukuta, kana kwamba ni nyumba inayosema. Siku malori yalipokuja kuwachukua mateka, alisema, yule mtu alikuwa mgonjwa, anatembea polepole. Askari mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki, akaanguka kwenye matope. Akainua kichwa, akamtafuta baba kwa macho. Hakumwita kwa Kijapani. Alimwita kwa lile neno moja la kwetu, lisilo sifa, alilokuwa amefundishwa.

"Aliniita munywani," baba akasema. "Nami nilikuwa kwenye mstari, mama. Nikatazama mbele. Tulifundishwa kutazama mbele."

"Na kahawa ikasikia," Bibi akasema.

Mama aliyekuwa jikoni akaja mlangoni. "Mama, tabibu amesema ni ini."

"Ini liko wapi? Si tumboni? Na kahawa iko wapi?"

Kosa la namna hiyo, Bibi akaendelea, haliondolewi na dawa. Huondolewa na aliyekosewa, au damu yake. Hata mimi niliona walichokuwa wakikiona wote watatu: maji, na maji, na ng'ambo ya maji hayo yote mtu asiye na jina, kama alikuwa hai.

Kisha Bibi akanigeukia.

"Mtoto wa munywani ni mtoto wako," akasema, kama anayesoma jambo lililoandikwa ukutani. "Huyu hapa ni mtoto wa Mjapani. Wewe Koku, lugha ya baba yako yule mwingine unaijua?"

"Naijua," nikasema. Nilisema kwa majivuno, maharage yamejaa mapajani.

Walinisimamisha mbele ya baba asubuhi iliyofuata, umande ungali kwenye migomba. Bibi alipasua buni. Punje moja aliitia katika kiganja changu cha kulia, akanipa na maji ya kuondolea kosa kwenye kibuyu kidogo kipya. Baba alikuwa ameegemezwa kwenye nguzo, blanketi la jeshi miguuni.

"Mwambie umemwachia kosa," Bibi akasema. "Kwa lugha ya kwao, asikie."

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nilipita katika maneno yangu yote kama mtu anayepekua nyumba yake mwenyewe, nikakuta moto na baridi, nyekundu na nyeupe, tamu na chungu, na kuachia hakukuwapo. Hakukuwapo kusamehe, wala kusahau, wala njoo. Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama chini.

"Sema lolote ulilo nalo, mwanangu," baba akasema.

Nikakumbuka maji ya ndizi. Kama mkia ukibadilishwa utamu huondoka, basi na hiki kitaondoka. Nikachukua yale mabaya niliyoyajua, nikayakata i zake, nikayafunga mkia wa jana, ili yote yawe yamepita.

"Samukatta," nikasema. Ilikuwa baridi. "Nagakatta." Ilikuwa ndefu. "Itakatta."

Iliuma.

Baba alifumbua macho sawasawa. Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya kichwa changu, mahali ambapo uso wangu ungekuwapo kama ningekuwa mtu mzima.

"Ee, munywani," akasema. "Itakatta. Itakatta."

Akainama, akala punje kutoka kiganjani mwangu. Midomo yake ilikuwa mikavu kama maganda ya maharage, na ilikaa hapo kitambo kirefu kuliko punje ilivyohitaji. Bibi akanigusa bega. Nikajaza maji mdomoni, nikampulizia tumboni, naye akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume. Nilijua nimemponya.

Nilikwenda kisimani nikawaambia watoto wote. Kila asubuhi niliingia kwake kabla ya kunawa uso, nikalitazama tumbo lile chini ya blanketi, nikauliza, "Itai?" Inauma?

"Itakunai," alinijibu. Haiumi.

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na vidole vilikuwa vimeshika nyasi za sakafuni, lakini neno alilitamka lote, na mkia wake. Mama alikuwa akisimama nje ya mlango ameuma pindo la nguo yake. Mimi nilitoka nikirukaruka. Tumbo halikupungua, nikalisubiri, kama tunavyosubiri ndizi zilizofukiwa ziive. "Itai?" "Itakunai." Hata sauti ilipobaki pumzi, ilibaki kuwa pumzi yenye umbo la neno hilo.

Asubuhi moja niliuliza, naye hakujibu. Nikauliza tena kwa nguvu zaidi. Bibi alikuwa amekwisha kumfunika mpaka kidevuni. Kwa kuwa lazima mtu ajibu, nikajibu mimi.

Walipomzika chini ya migomba, nilisimama nikihesabu makosa yangu. Labda nilikosea neno. Labda kulikuwa na mkia mwingine ambao baba hakuufikia kabla malori hayajaja, mkia wa kitu kinachoondoka na kisirudi, na mtoto halisi wa Mjapani angeujua. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Nilikua, nikasoma, nikaanza kuishi kwa maneno, na hadi leo nikifika mwisho wa sentensi huwa naona baridi mgongoni, kana kwamba kuna mtu ameegemea nguzo anangoja, na nilicho nacho ni sifa tu.

Haya sikuwahi kumwambia yeyote mpaka juzi, matangani kwa Bibi. Mama alikuwa anachambua maharage ya waombolezaji. Nikaketi kumsaidia.

"Mama, yale maneno niliyomwambia baba ndiyo niliyokosea?"

"Maneno gani?"

"Ya Kijapani. Mbona hakupona?"

Mikono yake ikasimama. Alinitazama kama mtu aliyekuta mtoto mgonjwa amelala kitandani mwake miaka yote hiyo bila yeye kujua.

"Koku. Tabibu alikuwa amekwisha kutuambia. Mimi nilijua, Bibi yako alijua, baba yako mwenyewe alijua. Hakuna aliyekuweka pale umponye."

"Mliniweka nifanye nini?"

"Baba yako aliamini yule mtu alikwisha kufa kabla ya kufika kwao. Alikuwa anaogopa kwenda kukutana naye kabla hawajaongea." Akarudisha macho kwenye ungo. "Bibi yako alitaka waongee. Wakaongea."

Akapapasa upindo wa kanga yake, akatoa kahawa iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, ya mwisho iliyofungwa na mkono wa Bibi, akanipa buni moja. Niliipasua. Punje moja nikaitafuna. Nyingine ikabaki katika kiganja cha kulia, palepale baba alipoila yake, na nilipotaka kuila nayo, mkono haukukubali kwenda mdomoni. Niliketi hivyo mchana kutwa, nimeufumba. Watu walikuja kunipa pole, nikawapigia magoti bila kuwapa mkono.

Ta Kato alikuwa kwenye nyasi karibu na nguzo, mzee sasa, macho yamefunga ukungu, ulimi ungali mzima.

"Shikamoo, Ta Kato."

"Marahaba. Huyu wa vitabu siku hizi hatoi mkono? Umeficha nini humo, sukari?"

"Punje, Ta."

"Punje ngapi?"

"Moja."

Nilingoja acheke. Mdomo wake ulijiandaa, kisha ukatulia. Akakusanya fimbo yake na shuka lake, akajikokota kwenye zile nyasi, akaacha nafasi ya watu wawili.